NYUMBA HUTENGENEZWA MEI, SI JULAI

Ndugu wafanya kazi,

Kila mwaka ikifika Julai twasikia malalamiko ya namna moja. Bati linavuja. Mlango haufungi. Mtoto ana kikohozi kisichoisha. Mchuma majani amelala ndani siku tatu kwa sababu ya kifua, na siku hizo tatu hazina kilo za kuandikwa. Na kila mwaka jawabu la mwenye nyumba ni moja: "Fundi atakuja." Fundi huja Septemba, jua likiwa limekwisha kurudi, na hapo watu wamesahau. Mwaka unaofuata wimbo huanza tena.

Sisi twasema kwamba matengenezo ya nyumba kabla ya baridi ni jambo la chama, kama vile mshahara na saa za kazi. Tena twasema kwamba lina mwezi wake, nao ni Mei. Tutaeleza kwa nini, kisha tutaeleza lililo la mwajiri na lililo letu wenyewe.

BARIDI YETU

Watu wa mbali hudhani Kenya ni nchi ya joto tu. Mwenye kusema hivyo hajalala Limuru, Molo, Kinangop au Kericho mwezi wa Julai. Mahali hapo pako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hata Nairobi iko karibu mita 1,700. Miezi ya Juni, Julai na Agosti jua liko upande wa kaskazini, na pepo za kusi hutoka Bahari ya Hindi zikileta mawingu ya chini. Upande wa Nairobi na Mlima Kenya mawingu hayo hukaa siku nyingi mfululizo bila kutuonyesha jua. Si baridi ya theluji, lakini humkuta mtu katika nyumba ambayo haikujengwa kwa baridi yo yote: bati tupu juu, simiti tupu chini, na kuta zenye nyufa.

Huko Ulaya watu hutengeneza nyumba zao Septemba na Oktoba, majani ya miti yakianza kupukutika. Sisi hatuna majani ya kutuonya. Tuna mvua ndefu. Mvua ya Aprili ndiyo mkaguzi wetu wa kwanza, tena haidai mshahara. Huonyesha kila tundu la bati, kila mfereji ulioziba na kila ukuta unaokunywa maji. Mwenye macho huandika alichoonyeshwa, na mwezi wa Mei hutengeneza.

Akingoja Julai amechelewa. Ukuta wa udongo uliolowa hautakauka bila jua. Simiti iliyopakwa juu ya ukuta wenye maji haishiki vizuri. Blanketi lililonyeshewa hukaa na unyevu wiki nzima. Na ukuta uliolowa hupitisha baridi kuliko ukuta mkavu, kwa hiyo mfereji ulioziba Aprili ndio unaomtetemesha mtoto Julai. Kule Kericho na Nandi, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi, itabidi watu wavizie siku chache kavu zinazopatikana, na hii ni sababu zaidi ya kuwa na misumari na simiti tayari kabla ya siku hizo.

NYUMBA HIZI ZILIJENGWA KWA NANI?

Yafaa tukumbuke asili ya nyumba zetu. Wakati wa ukoloni mshahara wa mfanya kazi Mwafrika ulihesabiwa kama wa mtu asiye na mke wala mtoto, na nyumba vile vile: chumba au kitanda cha mtu mmoja, ambaye angerudi kwao mkataba ukiisha. Mwaka 1954 kamati ya Serikali iliyosimamiwa na Bwana Carpenter ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni na watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Ikashauri kwamba mshahara utoke katika kipimo cha mtu mmoja uelekee kipimo cha mtu mwenye jamaa yake.

Mshahara ulianza kupiganiwa kwa kipimo hicho. Nyumba nyingi zimebaki na kipimo cha zamani. Kuna laini na kampi ambazo chumba kilichokusudiwa kibarua mmoja leo chalaza baba, mama na watoto, na jiko limo humo humo. Ndiyo maana mtu akisema "nyumba hizi ziliwatosha wazee wenu", tumjibu kwamba hata wao hazikuwatosha.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe kila mfanya kazi nyumba ya kufaa kwa gharama yake mwenyewe, mahali pa kazi au karibu napo, au ampe pesa za kodi zinazotosha kupata nyumba ya kufaa, zaidi ya mshahara. Haiwahusu wale ambao mkataba wao, au mapatano ya chama na waajiri, yamekwisha kuchanganya pesa za nyumba ndani ya mshahara. Kwa hiyo kila memba na ayasome mapatano yake, au amwulize katibu wa tawi amsomee.

Tazameni neno lile "ya kufaa". Nyumba ambayo mvua yaingia kitandani haifai. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Pendekezo lake Namba 115 la mwaka 1961 juu ya nyumba za wafanya kazi, lilitaja kinga ya joto, ya baridi, ya unyevu na ya moto kuwa miongoni mwa mambo ambayo viwango vya nyumba viyaangalie, pamoja na hewa safi, mahali pa kupikia na nafasi ya kutosha kwa kila mtu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba inayostahili. Na Sheria ya Afya ya Umma yampa Bwana Afya uwezo juu ya nyumba ambayo hali yake ni hatari kwa afya ya watu, mwenye nyumba akatakiwa aondoe hatari hiyo. Siku hizi Bwana Afya yuko chini ya serikali ya kaunti, si Nairobi, hayuko mbali.

Tena kuna jambo jingine. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wetu hukatwa kwa ajili ya kujenga nyumba mpya, na mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Hatusemi hapa kama ni vizuri au vibaya. Twasema tu kwamba mtu anayekatwa pesa za nyumba ambayo hajaiona ana haki ya kuuliza juu ya bati la nyumba anayolala.

KAZI YA MEI

Basi kazi yenyewe ni hii. Sehemu kubwa ni ya mwajiri au mwenye nyumba. Lakini tuijue sote, ili fundi akija tujue kama amefanya kazi au amepita tu.

1. Paa. Saa sita mchana, jua likiwa juu, funga mlango na dirisha, usimame ndani gizani. Kila tundu la bati litang'aa kama nyota. Tia alama ya chaki chini yake. Misumari iliyolegea ing'olewe, iwekwe misumari ya mabati yenye kofia na mpira wake, tena ipigwe juu ya tuta la bati, si katika bonde ambamo maji hupita. Tundu dogo huzibwa kwa lami. Bati lililoliwa na kutu halizibwi, hubadilishwa.

Lakini jihadharini: si kila tone ni tundu. Usiku bati hupoa sana. Pumzi za watu na mvuke wa sufuria hugusa bati hilo na kugeuka maji, na alfajiri maji hudondoka kitandani hata kama mvua haikunyesha. Dawa yake si lami. Dawa ni dari, na mahali pa kutokea mvuke. Dari ndiyo tofauti kubwa kati ya nyumba ya bati yenye baridi na nyumba ya bati inayokalika. Ni jambo la kudaiwa katika mapatano, hata ikiwa ni laini moja kwa mwaka.

2. Mifereji. Mvua ndefu ikipungua, gata zisafishwe majani na matope, na mitaro ya chini ichimbuliwe. Maji ya paa yasianguke karibu na msingi. Pale pasipo na gata, mtaro wa mawe chini ya ukingo wa paa huzuia maji kurukia ukutani.

3. Kuta. Ukuta wa udongo uzibwe nyufa kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, kwa tabaka nyembamba, moja ikauke kabla ya nyingine. Ukuta wa mawe uzibwe viungo kwa kipimo kimoja cha simiti na vinne vya mchanga. Ukuta wa mabanzi upigiwe vipande vyembamba vya mbao juu ya kila ufa. Makaratasi na magunia yaliyosokotwa katika nyufa huzuia upepo usiku mmoja, lakini hushika unyevu, huita panya, na cheche moja ya moto hutosha kuyawasha.

4. Mlango na dirisha. Upepo mwingi hupita chini ya mlango. Kipande cha mpira wa tairi kuukuu, kikipigiliwa chini ya ubao wa mlango hata kiguse sakafu, humaliza taabu hiyo. Bawaba zikazwe. Kioo kilichovunjika kiwekwe kingine. Karatasi ya nailoni ni ya kungojea kioo, si badala ya kioo.

5. Kitanda. Kisiguse ukuta; kiachwe mbali kwa upana wa mkono. Maboksi makavu chini ya godoro huzuia baridi inayopanda kutoka chini, na huwafaa zaidi wanaolala sakafuni. Blanketi lianikwe kila siku jua linapotoka, hata kwa saa moja.

Katika kazi hizi tano, ya mwisho ni yetu. Mpira wa mlango na udongo wa nyufa twaweza kufanya wenyewe tukiletewa vifaa, na jirani asiyejiweza asaidiwe na wenziwe. Lakini paa, dari, gata, vioo na mawe ni juu ya mwenye nyumba. Mfanya kazi asinunue bati la nyumba ya tajiri kwa pesa za unga.

JIKO

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike barua hii.

Mtu aliyeachwa na baridi hutafuta joto po pote. Huziba kila tundu kwa magunia, hufunga dirisha, huingiza jiko la makaa, na jamaa yote hulala. Miaka mingi majira ya baridi hayapiti bila habari za watu waliokutwa asubuhi wamekufa hivyo hivyo katika nyumba iliyofungwa, blanketi juu yao, bila jeraha. Halafu watu husema walirogwa, au walikula sumu.

Ni kweli ilikuwa sumu, lakini hawakuila. Makaa yakiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiumi macho kama moshi. Huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi tunayohitaji, hata damu ikakosa nafasi ya kuibeba hewa hiyo safi. Mtu aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kichefuchefu, miguu hulegea. Aliyelala hasikii cho chote, wala haamki.

Wengi hudhani kwamba makaa yakisha kuwa mekundu, na moshi umekwisha, jiko ni salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye kudanganya. Wengine huweka sufuria ya maji karibu wakidhani maji yatainywa sumu. Maji hayainywi. Kuna njia moja tu: jiko litoke nje kabla ya watu kulala, hata kama lina makaa machache. Likiwa ndani wakati wa kupika, dirisha liwe wazi. Na tundu la hewa lililo juu ya ukuta, chini ya paa, lisizibwe kamwe kwa sababu ya baridi; upepo wa chini ya mlango ndio wa kuzuiwa. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwenye hewa mara moja, fungua kila mlango, mpeleke hospitali hata kama amezinduka.

Haya twayasema kwa kila mama na kila baba. Lakini hatukubali yaishie hapo. Kila msiba wa namna hii ukitokea, wakubwa huja na mahubiri juu ya ujinga wa watu. Sisi twauliza: nani aliyeacha dirisha bila kioo? Nani aliyejenga paa bila dari? Mtu haingizi jiko chumbani kwa kupenda moshi. Huliingiza kwa sababu nyumba imemshinda. Kumwambia atoe jiko nje, na kumwachia tundu la upepo juu ya kitanda cha mtoto, ni kumwambia achague afe kwa lipi. Nyumba ikitengenezwa Mei, jiko hulala nje Julai bila mtu kulazimishwa.

WAAJIRI WATASEMA

Watasema kwamba wafanya kazi huharibu nyumba. Kwamba milango hung'olewa ikawa kuni, na vioo huvunjwa na watoto. Ni kweli kuna wachache wafanyao hivyo, nao hutuaibisha wote. Dawa yake ni karatasi. Mfanya kazi akiingia katika nyumba, mwakilishi wa chama na karani wa shamba waandike pamoja hali ya paa, mlango, vioo na kuta, watie sahihi wote wawili. Hapo itajulikana lililovunjwa na mtu na lililoliwa na kutu ya miaka 40.

Watasema pia hakuna pesa. Jawabu letu ni methali ambayo kila mtu ameisikia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Msumari na mpira wake ni kitu kidogo. Bati lililooza kwa kukosa msumari, boriti iliyooza chini ya bati, na mchuma majani aliyelala wiki nzima kwa homa ya mapafu wakati majani yamejaa, hivyo ni ghali. Meneja anayeweka mafuta katika mashine za kiwanda kabla hazijakwama anajua hesabu hii vizuri. Twamwomba aifikishe laini.

MEMBA WA MJINI

Wenzetu wanaopanga vyumba Nairobi, Nakuru na miji mingine wasidhani haya hayawahusu. Wengi wanalala katika vyumba vya mabati ubavuni na juu, na mwenye ploti huonekana siku ya kodi tu. Mpangaji mmoja akilalamika, huambiwa ahame. Wapangaji wote wa ploti wakiandika barua moja, yenye majina yote, orodha ya yaliyovunjika na tarehe, hawawezi kuhamishwa wote siku moja, maana ploti tupu haina kodi. Nakala ya barua hiyo ibaki mikononi mwao, na nyingine iende kwa Bwana Afya.

TUNALOTAKA

Twapendekeza kila tawi lifanye hivi. Mwezi wa Aprili, wakati mvua inanyesha, kila nyumba ikaguliwe na wajumbe wawili, na mmoja awe mwanamke, kwa sababu yeye ndiye ajuaye mahali sufuria ya kukingia maji huwekwa. Orodha iandikwe kwa namba ya nyumba. Wiki ya kwanza ya Mei orodha apewe meneja mkononi, naye atie sahihi kwamba ameipokea. Siku ya mwisho ya Mei wajumbe wapite tena na karatasi ile ile, waandike lililofanywa na lisilofanywa. Yasiyofanywa yaende kwa halmashauri ya tawi, kwa ofisi ya kazi na kwa Bwana Afya kabla ya Juni kwisha. Na mapatano yakifunguliwa tena, kifungu cha nyumba kitaje mwezi. Neno "matengenezo yatafanywa" bila tarehe ni ndugu yake "fundi atakuja".

Ndugu memba, mkutano wa Aprili u karibu kila wakati kuliko tunavyodhani. Njooni na habari za mabati yenu.

Umoja ni nguvu.